Vitunguu kwenye Mchuzi wa Paka

Rabia, mwalimu aliyeletwa Kibondo kutoka Tanga, alipanda basi la Kasulu kwenda semina akiwa amemwachia paka wake ugali uliolowa mchuzi wa dagaa wenye vitunguu. Ndiyo maana alitega sikio abiria wawili wa kiti cha mbele walipoanza kubishana kuhusu chakula cha paka.

"Anatapika tangu jana," alisema mama aliyepakata paka kwenye kikapu. "Nampeleka kwa bwana mifugo."

"Unampa nini?" aliuliza mzee wa pembeni yake.

"Tunachokula sisi. Ugali, maharage, mchuzi."

"Mchuzi wenye vitunguu?"

"Sasa mzee, mchuzi gani hauna vitunguu?"

"Basi ndivyo hivyo. Vitunguu vinamharibia paka damu. Nilisikia redioni."

"Mimi nimefuga paka tangu nikiwa Burundi, na wote walikula vitunguu."

"Na hao wako wapi?"

Mama alimfunika paka kwa kitenge. "Wengine walikufa. Wengine tuliwaacha tulipokimbia vita. Nitajuaje nani aliuawa na nini?"

Mzee alisema tu kwamba huenda redio ilizungumzia paka wa Ulaya.

Rabia alichanganyikiwa. Paka wake alikuwa amelamba mchuzi wa namna hiyo miaka yote, na alikuwa mnene. Lakini unene ni afya au ni uvimbe?

Basi liliposimama Kasulu wale wawili walikuwa bado wanabishana. Rabia alishuka, akasahau semina iliyomleta, akamwuliza kondakta basi la kurudi Kibondo linaondoka saa ngapi.