Dhaifu ni Kitengo: Maisha ya Mwalimu Theonest Kamugisha (1943–1997)

Umeandikwa na kusomwa kwa niaba ya familia na mdogo wake, Bi Kokuberwa Kamugisha. Pugu Kajiungeni, Jumamosi, 8 Novemba 1997.

Mwalimu Theonest Kamugisha, ambaye sote tumekuja kumsindikiza, alizaliwa tarehe 3 Machi 1943 Kamachumu, Bukoba, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Kamugisha, mkulima wa kahawa, na Mama Felicitas. Tangu utotoni alikuwa mbishi, ila ubishi wake ulikuwa wa upole. Katekista aliwahi kuwafundisha watoto kwamba mvua ya mawe ni adhabu ya wakosaji. Theonest akanyoosha kidole, akauliza migomba ya jirani, iliyopigwa pia, ilikuwa imekosa nini. Katekista alicheka, akaendelea na somo.

Alisoma shule ya misheni hapo kijijini, kisha sekondari mjini Bukoba. Mwaka 1969 alihitimu Dar es Salaam shahada ya fizikia na hisabati pamoja na ualimu. Alifundisha Mwanza na Tabora, na mwaka 1976 akapelekwa Warsaw, Poland, kwa shahada ya pili ya hisabati. Huko alikutana na jambo lililokaa naye maisha yote. Wanafizikia na wanahisabati hutumia jina moja la Kiingereza, weak mixing, yaani mchanganyiko dhaifu, kwa vitu viwili ambavyo havina undugu wowote.

Katika fizikia ipo kani inayofanya baadhi ya atomu zivunjike zenyewe, nayo huitwa kani dhaifu. Wataalamu waligundua kwamba kani hiyo na kani ya umeme zimechanganyika tangu shinani, kwa pembe maalumu, na kwamba hata nuru tunayoiona ni zao la mchanganyiko huo. Mchanganyiko wenyewe hauna unyonge wowote. Dhaifu ni jina la kani. Katika hisabati mambo ni kinyume. Kitu kinakorogwa bila kukoma, na karibu kila ukichungulia unakuta kimeenea sawasawa. Hata hivyo kuna nyakati kinakataa, na vilivyochanganyika vinaonekana kuachana tena. Nyakati hizo huzidi kuwa adimu kadiri unavyokoroga, ila haziahidi kwisha. Hapo kilicho dhaifu ni mchanganyiko.

Marehemu alisema Kiingereza kimelificha jambo hili, na Kiswahili kingeweza kulifichua, kwa sababu Kiswahili kina ngeli. Tatizo ni kwamba neno "dhaifu" halibebi ngeli. Mtu dhaifu, kitu dhaifu, kani dhaifu: neno ni lilelile, na msikilizaji anaachiwa akisie ni nani anayesemwa.

Mwaka 1979 alirejea nchini, akaomba mwenyewe kupangiwa shule. Alipelekwa sekondari moja ya serikali wilayani Temeke kuwa mkuu wa kitengo cha fizikia. Alipanga chumba Tandika, na hapo ndipo alipomfahamu Bi Zuena, binti wa nyumba ya jirani, Mzaramo wa kuzaliwa hapohapo. Walifunga ndoa bomani tarehe 12 Desemba 1981, yeye akibaki Mkatoliki na mkewe akibaki Mwislamu. Kaka wa bibi harusi, Bwana Mwishehe, ambaye leo amebeba jeneza, siku ile alisema mbele ya wageni, "Huu ni mseto. Choroko na mchele vimetiwa chungu kimoja, havijuani." Bwana harusi akamjibu, "Shemeji, tupe moto, vitajuana."

Jikoni alikuwa mwanafunzi. Mtu wa ndizi na maharage alijifunza kukoroga tui kwa kuamrishwa.

"Koroga, acha kuliangalia," Bi Zuena alimwambia. "Likikatika utakula peke yako."

"Likikatika mara mojamoja hesabu inakubali."

"Hesabu yako haijawahi kupata njaa."

Siku nyingine, baada ya kununiana, alimuuliza mumewe kama ndoa yao nayo ni mchanganyiko dhaifu. Mwalimu alijibu kwamba ni ule wa hisabati. "Kuna siku tunaachana, lakini siku hizo zinazidi kuwa adimu." Bi Zuena hakuwahi kusomea hisabati hiyo. Jibu hilo ameliweka, na ameomba lisomwe leo.

Kuanzia mwaka 1988 marehemu alikuwa mjumbe wa jopo la walimu lililokutana Mwenge kutafuta maneno ya Kiswahili kwa ajili ya sayansi. Alipendekeza "dhaifu" liachwe, litumike "-nyonge", ambalo hubeba ngeli: mchanganyiko mnyonge kwa hisabati, mchanganyiko wa kani nyonge kwa fizikia. Mwenyekiti, Bwana Talha, mtu wa pwani na mpenda utani, alimkatiza. "Kamugisha, mambo ya wanyonge tumeshayaacha. Siku hizi ni soko huria. Tena wewe wa Ziwa ndiye wa kutufundisha ngeli?" Wajumbe walicheka, na marehemu alicheka nao. Kisha akasema, "Mwenyekiti, neno lisilosema ni la nani litakuja kumwangukia asiyehusika." Jopo liliandika neno moja, "dhaifu", kwa vitu vyote viwili, na muda si mrefu likavunjika kwa kukosa mfadhili.

Neno hilo lilimwangukia yeye.

Mwaka 1993, katika mageuzi ya utumishi, shule ile ilikaguliwa. Maabara ilikuwa na mzani mmoja, na mabomba yake hayakuwa na maji. Mkaguzi, Bwana Brightson, alimtaja marehemu katika taarifa yake kuwa "mwalimu wa kitengo dhaifu". Ofisi iliyoipokea taarifa ilisoma kwamba dhaifu ni mwalimu. Tarehe 30 Juni 1994, mtu aliyefundisha nusu ya walimu wa fizikia wa wilaya ya Temeke alistaafishwa kwa manufaa ya umma.

Wapo waliotushauri tuandike hapa kwamba alistaafu. Hakustaafu, alistaafishwa. Vitenzi vya Kiswahili navyo vina heshima yake, na familia haitavunja heshima hiyo ili kuwapendeza walio hai. Familia pia haikuja kaburini kugombana na mtu. Inataka sentensi moja isomwe ilivyokusudiwa.

Marehemu alikata rufaa. Hakuomba kurudishiwa kazi. Aliomba ofisi imuulize mkaguzi alikuwa na maana gani, na akaeleza kwamba mkaguzi angeandika "kitengo kibovu", ile ki- ingejisemea yenyewe. Karani aliyempokea alisoma, akamtazama. "Mzee wangu, sisi hapa tunashughulikia ajira. Sarufi hatuna." Marehemu akamjibu, "Kijana wangu, ajira yangu imeondoka kwa sarufi." Alirudi mara kadhaa. Alijibiwa kwa adabu kila mara, na mkaguzi hakuulizwa. Huo ndio uzembe wenye adabu, ambao haumpigii mtu kelele na hauna anayewajibishwa nao.

Maneno yalimtangulia mtaani. Mzazi mmoja wa Tandika alimwondoa mwanawe kwenye masomo ya ziada aliyofundisha barazani, akisema hawezi kumpeleka mtoto kwa "mwalimu dhaifu". Marehemu aliendelea kufundisha waliobaki, kwa ubao uleule na kwa sauti ileile, lakini waliomjua waliona kwamba alianza kueleza hata mambo ambayo hakuna aliyeyauliza, kama mtu anayejitetea.

Alianza kuugua Machi 1996, kwa kuvimba miguu na kuishiwa pumzi. Daktari alimwambia, "Mwalimu, una moyo dhaifu." Marehemu alitabasamu. "Hapo umeliweka mahali pake, daktari. Ni moyo; si mimi." Alilazwa mara mbili. Alifariki dunia Alhamisi asubuhi, tarehe 6 Novemba 1997, nyumbani Tandika, mkewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minne. Aliomba azikwe hapa Pugu, katika kiwanja alichokisafisha yeye na mkewe kwa mikono yao, na ukoo wa Kamachumu umeridhia.

Jana alasiri Bwana Brightson alikuja msibani. Alikaa kitambo chini ya turubai, kisha akaomba kuonana na mjane.

"Pole sana, mama. Ile taarifa niliiandika mimi. Nilimaanisha kitengo. Yeye nilimkuta anafundisha mawimbi kwa kamba ya kuanikia nguo, na darasa zima limeelewa."

"Ulimwambia nani?"

"Sikuulizwa, mama."

"Basi mie nakuuliza leo. Ila mie siye niliyemfukuza. Kayaseme kesho Pugu, mbele ya watu, na yeye akiwepo."

Bwana Brightson alikubali, na tunamshukuru kwa hilo. Alipendekeza aseme "mwalimu hodari wa kitengo dhaifu". Binti wa marehemu, Avelina, alikataa. "Hodari nalo halibebi ngeli. Baba angelirudisha." Wakakubaliana juu ya neno ambalo herufi yake ya kwanza ni ya mtu, na ambalo hakuna ofisi inayoweza kulihamishia kwenye kitengo. Mara baada ya wasifu huu Bwana Brightson atasimama hapa kaburini na kuitamka sentensi yake upya. Imechapwa pia hapa chini, ili atakayeulizwa Tandika awe na la kujibu.

Marehemu ameacha mjane, Bi Zuena. Watoto wawili, Avelina na Anwar. Mama mzazi, Mama Felicitas, aliyesafiri kutoka Kamachumu. Mdogo wake Kokuberwa. Shemeji yake Mwishehe. Na wanafunzi ambao wako shuleni, viwandani na hospitalini kote nchini, wengine wakiwa wamesimama hapa.

Mwenyezi Mungu amlaze mahali pasipo na ukaguzi, na ampe amani Theonest Kamugisha, mwalimu mwema wa kitengo dhaifu.