Vidonge vya Machibya

Pale Muleba, mabasi ya Biharamulo yanapopunguza mwendo kushusha watu, kuna benchi la mbao limeegemezwa ukutani mwa duka la mbolea. Ma Kokushubila anauza kahawa hapo tangu alfajiri, na vikombe vyake vichache vinazunguka midomo mingi: ukimaliza, anakichovya kwenye beseni, anakikung'uta, anampa mwingine. Benchi lina wenyewe. Yuko Burhani mpiga debe, wanamwita Redio kwa kuwa haishiwi betri. Yuko Kahangwa, mwalimu mstaafu, jina lake la kijiweni Profesa, na analipenda kuliko la ubatizo. Yuko Mwijage fundi baiskeli, asiyeongea sana, kwa hiyo hata jina la utani hawajampatia. Na yuko Machibya, Msukuma mchuuzi wa dagaa wa visiwani, ila asubuhi hiyo nafasi yake ilikuwa wazi, na waliosimama hawakuthubutu kuikalia.

Machibya alikuwa wodini. Mwiba wa pezi la sangara ulimchoma unyayo, zahanati wakamsafisha kidonda, wakampa vidonge vya rangi mbili ameze mpaka viishe. Sasa mguu umevimba hadi gotini, na daktari kasema usipotulia utakatwa. Hiyo ndiyo habari iliyokuwa benchini. Lililokuwa linamkaba Mwijage ni jingine, na wenzake walilijua vizuri tu ila walilizunguka: vile vidonge Machibya hakuvimeza peke yake. Walivila wote.

— Mimi nasema ni maji ya ziwa, alianza Redio. Mtu anashinda mwaloni akipokea mitumbwi ya samaki, miguu wazi, kidonda kinalowa kutwa. Kitapona saa ngapi?

— Siyo maji, alisema Profesa. Ni kinga. Mwilini mna askari, chembe nyeupe za damu. Sasa askari waliolelewa kwa ugali wa Usukumani, ukiwaleta huku kwenye ndizi na baridi, wanababaika. Adui keshaingia, wao bado wanauliza njia.

— Waitu, Profesa, mbona ndizi alikuwa anatushinda kula? aliuliza Ma Kokushubila.

— Kazianza ukubwani. Askari wanalishwa utotoni.

— Sikilizeni niwaambie, Redio alisogea mbele. Ni sabuni. Dereva mmoja wa lori aliniambia, ukinawa sana unaua hata wadudu wazuri wanaokulinda. Na Machibya anavyonawa! Kashika samaki, ananawa. Katoka chooni, ananawa. Hata kabla ya kushika kikombe hapa, ananawa.

— Na wewe hunawi, alisema Ma Kokushubila.

— Ndiyo maana nina miguu yote miwili.

Mtu mmoja aliyesimama alicheka, akaona anacheka peke yake, akanyamaza.

Mwijage hakuwa hapo kiakili. Alikuwa kwenye ile wiki ya mafua. Redio ndiye aliyeyaleta, akapiga chafya kiganjani, akapokea kikombe kwa kiganja kilekile, na kabla ya Jumapili benchi zima lilikuwa linavuta kamasi. Machibya alipotoa pakiti yake ili ameze, Redio akaomba kimoja. Machibya akasita. Akasema ameambiwa avimalize.

Hapo ndipo Mwijage, asiyeongea sana, alipoongea. Siku Machibya alipokaa benchini mara ya kwanza walimpa akamwani, zile buni kavu za kutafuna, kwenye kikapu kidogo, na Profesa akamfundisha kwamba kwa Wahaya buni hazitafunwi upweke. Uliyetafuna naye ni ndugu yako. Yule bwana alifurahi mno. Mtu wa kuja, anahama mwalo hadi mwalo, leo kapata ndugu. Basi Mwijage akamwambia, nusu utani:

— Machibya, umetafuna buni zetu, leo unatunyima vidonge?

Machibya aliona aibu. Akaifungua pakiti, akaimwaga kikapuni juu ya buni, kikapu kikapita. Kila mmoja alichukua vyake, akashushia na kahawa. Mwenyewe alibaki na vya kudokoa. Mafua yakaisha, na wakatamba mtaa mzima kwamba rangi mbili ni kiboko.

Jana Mwijage alikwenda wodini na mkungu wa ndizi. Kabla hajamfikia mgonjwa, alimsikia muuguzi akimweleza mama mmoja mwenye mtoto wa mafua: mpe maji, mpe chakula, alale vya kutosha, mwili utayatoa wenyewe, vidonge hivi havigusi mafua. Ni vya wadudu wa vidonda na mengine ya namna hiyo, na dozi ukiikatisha, wanaobaki hai ni wale wakorofi. Mwijage aliweka ndizi mlangoni akarudi nyumbani. Usiku kucha hakupata usingizi, alijichukia.

— Mimi sasa nimepata jibu, Profesa alikuwa anasema. Yule sangara. Samaki akivuliwa na hasira, ile sumu ya hasira inakwenda kwenye miba.

— Hapo umenena, alisema Redio. Na tangu wajenge ule mnara wa simu karibu na mwalo, samaki wote wana hasira.

Basi lilisimama. Akashuka mwanamke amebeba chupa ya uji na kanga mkononi, akaja moja kwa moja benchini.

— Shikamooni. Mimi ni Kija, mke wa Machibya. Ninyi ndio ndugu zake wa kahawa?

— Marahaba, walijibu, wakampisha akae. Hakukaa.

— Kila akirudi kisiwani hadithi ni ninyi. Nawaombeni kitu kimoja. Daktari anasema ipo dawa nyingine, ila anataka kujua kwanza kama ile ya mwanzo aliimaliza. Akimuuliza, anasema alimaliza. Mimi namjua mume wangu, anaposema hivyo anatazama ukuta. Ninyi mlikuwa naye. Alimaliza?

Profesa alikohoa, akaanza kusema kitaalamu hivi na vile, akaishia njiani.

Mwijage alisimama.

— Hakumaliza, shemeji. Tulivila sisi. Yeye alikataa, mimi ndiye niliyemsema mpaka akaona haya. Anadanganya ili asitutaje. Twende, nitamwambia daktari mwenyewe, leo hii.

Kija alimtazama, kisha akawatazama wote, mmoja baada ya mwingine. Hakupandisha sauti. Alionekana anataka tu kuelewa.

— Sawa, twende. Lakini niambieni kwanza. Ninyi mlikuwa mnaumwa nini?

Ma Kokushubila aliinamia beseni lake. Redio alitazama barabarani, Profesa alifuta miwani iliyokuwa safi. Mwijage alikuwa na neno lenyewe mdomoni, neno dogo, kila mtoto analijua. Alijaribu kulitoa, likakataa. Kija alisubiri, akasubiri, akaona hatajibiwa, akaishika vizuri chupa ya uji na kuanza kwenda hospitali, Mwijage akamfuata nyuma.