Mama Kunda na Kaa Waliogeuza Tope

Citoyenne Kunda Mumba, ambaye sisi wote tunamwita Mama Kunda, anastaafu tarehe 31 Machi 1987, baada ya karibu miaka ishirini ya utumishi katika kituo chetu cha utafiti wa udongo na maji hapa Lubumbashi. Alianza kazi Oktoba 1967, akitoka kufundisha sayansi shuleni Katuba, na ualimu haukumtoka hata siku moja. Ukichelewa mkutanoni anakutazama tu, na wewe mwenyewe unaomba ruhusa ya kukaa.

Miaka ya kwanza alipewa tope la viwandani, lile linalobaki baada ya kuosha mawe ya shaba. Halioti hata nyasi. Wengine tuliandika kwamba ni tope lililokufa, tukafunga faili. Yeye akauliza swali moja: tope lililo hai linaishi kwa sababu gani? Swali hilo lilimfikisha mwaka 1974 Moanda, kule mto wetu mkubwa unapoingia baharini, kwenye misitu ya mikoko. Huko aliwakuta kaa wadogo, dume akiwa na gando moja kubwa kuliko kichwa chake na jingine dogo kama kibanio. Maji yakipwa tu, wanatoka mashimoni kwa maelfu na kuanza kula tope.

Tuseme ukweli, hawali tope lenyewe. Kaa anachota donge kwa gando dogo, analipeleka mdomoni, anachuja humo ule utando wa kijani wa mwani mdogo usioonekana kwa macho, kisha mchanga anautema chini ukiwa kidonge cha mviringo kama punje ya mtama. Baada ya saa chache ufuko wote umejaa vidonge. Mama Kunda alipenda kutuambia kwamba dume analitumia lile gando kubwa kwa kujionyesha, halafu anakula kwa mkono mmoja. Jike anakula kwa mikono miwili na kushiba mapema. Wanaume wa kituo waliacha kucheka pale wake zao waliposikia habari hiyo.

Aliwaleta kaa kwa ndege, ndani ya ndoo, pamoja na tope lao. Kwenye uwanja wa ndege wa Luano, mtu wa forodha alifunua kifuniko, na dume mmoja akainua gando akawa anampungia. "Mama, hii nyama iko inaniita!" alipiga kelele yule bwana, akafunika haraka na kumpitisha bila swali la pili. Maji ya chumvi tuliyatengeneza wenyewe. Mama Kunda alinunua chumvi nyingi sana sokoni Katuba, hata muuzaji akaamini kwamba amefungua biashara ya samaki wakavu, akaanza kumwomba bei ya jumla.

Tulipanga mabeseni safu mbili katika chumba cha nyuma. Tope lile lile, maji yale yale, tunayajaza asubuhi na kuyatoa jioni ili yajae na kupwa kama baharini. Safu ya kulia iliwekwa kaa, ya kushoto haikuwekwa kitu. Polepole tope la kulia likawa la rangi ya udongo, lina mashimo, hewa inaingia. La kushoto likavaa utando wa kijani juu, na chini likawa jeusi, linanuka yai bovu. Mama Kunda alifurahi kama bibi harusi.

Lakini mwaka 1976 direksio, yaani uongozi wa kituo, ilitaka chumba hicho ili ipange humo mawe ya sampuli. Kamati ya kituo ikampa mpaka mwisho wa kiangazi athibitishe kwamba ni kaa wanaobadilisha tope, si namna tunavyomwaga maji upande mmoja na mwingine. Akishindwa, mabeseni yatolewe nje. Kwake hiyo ilikuwa kazi yote ya maisha yake, na hakuificha hofu yake.

Ndipo ikaja Jumamosi ya Salongo. Mnajua Salongo, usafi wa lazima kwa wote: kila mtu na fagio lake, hakuna cha ofisi. Mkubwa wa Salongo katika jengo letu alikuwa Citoyen Mwansa, mlinzi, mtu wa roho nzuri kupita kiasi. Aliingia chumba cha nyuma akaona safu moja imejaa, nyingine tupu, akawaonea kaa huruma. "Ba huku banafinyana, na huku nyumba iko buule. Ile haiko muzuri, tubagawanye." Wakawagawa sawasawa katika mabeseni yote, kwa moyo safi kabisa.

Jumatatu Mama Kunda alifungua mlango, akaona, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalia. Hatukuwa tumewahi kumwona analia. Mwansa alisimama mlangoni kofia mkononi, hana pa kujificha. Mama Kunda akapangusa uso, akamwita. "Hapana kulia tena. Yote tuwapeleke kushoto. Sasa tutajua kama ni mayi ao ni nkala, hawa kaa wetu."

Kaa wote wakahamishiwa kwenye lile tope jeusi. Safu ya kulia ikabaki tupu. Kama ni maji, kulia kungebaki kuzuri. Mwansa hakukubali mtu mwingine aguse bomba; alijaza na kutoa maji mwenyewe hata Jumapili, akitoka misa. Wiki zikapita, na sisi wengine tulikuwa tumeshaanza kutafuta maneno ya kumfariji. Loo! Kushoto, utando ukaliwa, vidonge vikatapakaa, weusi ukarudi nyuma kuzunguka kila shimo. Kulia, upande mzuri wa jana, kukaota kijani, kisha kukaanza kunuka.

Kamati ilikuja na madaftari. Mwenyekiti wake, Citoyen Kalaba, alikunja mikono ya shati lake, akachovya kidole kulia, akanusa, akakunja uso. Akachovya kushoto, akanusa tena. "Hii inanuka, hii hapana. Mama iko na haki." Hakuandika zaidi ya hayo. Chumba kikabaki, na kila mwaka tangu hapo ndoo mpya ya kaa imeshuka Luano.

Mwezi uliopita direksio iliuliza tena habari ya chumba, kwa kuwa mwenyewe anaondoka. Mama Kunda hakubishana. Alikataa tu ukumbi mkubwa tuliomwandalia, akadai sherehe ifanyike hapa hapa. Kwa hiyo, wageni wetu wapenzi, mliokaa upande wa dirishani mko kando ya mabeseni yasiyo na kaa, na mmekwisha kujua hivyo bila kuambiwa. Mkurugenzi tumemwekea kiti upande huo huo, mstari wa mbele. Amekaa dakika kumi, ametoa kitambaa, ameahidi kwamba chumba kitabaki cha kaa.

Mama Kunda, asante kwa ukali wako na kwa kicheko chako. Mungu akupe afya, watoto wakutunze, na kila asubuhi uamke unapotaka. Ufunguo wa chumba anao Marceline, uliyemfundisha mwenyewe. Mawe yatafute mahali pengine pa kulala.