Mzee Mawimbi, Mchapaji wa Bahari za Bati

Kaka yetu, ambaye wengi mlimwita Mzee Mawimbi, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1957, mtoto wa tatu wa fundi viatu na mkunga. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1975, madaftari yake yakiwa yamejaa michoro kuliko hesabu.

Alianza kazi kwa kuandika mabango ya maduka. Huko ndiko alikompata mkewe, fundi cherehani, aliyeagiza bango akazungushwa wiki baada ya wiki. "Rangi haijakauka, dada," aliambiwa kila alipokuja. "Kwani umepaka uji?" akauliza. Walifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1984, wakajaliwa binti mmoja.

Mwaka 2006 alifungua karakana ya kuchapa picha kwenye mabati ya alumini. Alipenda bahari za wachoraji wa Kiimpreshonisti, wale waliopaka rangi kwa miguso mifupi: ukisogea karibu unaona madoa, ukirudi nyuma maji yanatikisika. Picha ilichapwa kwenye karatasi, kisha ikabanwa kwa joto hadi wino ukazama ndani ya bati. Binti yake alijifunza kazi hapo, akawa mkono wake wa kulia. Bahari zao zimetundikwa katika sebule za wengi mliopo hapa.

Kuanzia mwaka 2018 mtoto wa jicho alimfunika macho taratibu. Kila kitu kilimjia na umanjano, naye, bila kujua, akawa anaongeza buluu. Wateja wakaanza kurudisha picha. Aliyethubutu kusema ni binti.

"Baba, hii si bahari tena, ni wino mtupu."

"Nimekuzaa mimi, leo unifundishe buluu?"

Alimnyang'anya funguo za karakana mbele ya wateja. Binti akaenda kuajiriwa kwingine, na kwa miaka mitatu hawakusemezana.

Mei 2022 alikubali upasuaji. Bandeji ilipotolewa alikwenda karakana, akasimama mbele ya mabati yaliyoegemezwa ukutani. "Nani kachapa hizi?" Mkewe akamjibu, "Ni wewe, baba."

Alimwita binti yake. Alipofika, marehemu aliinuka kwenye kiti chake cha mashine ya kupangia rangi, akasema, "Kaa wewe." Walifanya kazi pamoja hadi moyo wake ulipoanza kushindwa. Akiwa amelazwa, binti alimwuliza, "Baba, ulijua nilikuwa nasema kweli?" Akageuza uso ukutani. Alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 7 Februari 2023.

Ameacha mjane, binti, wajukuu wawili na sisi wadogo zake.

Hatujui kama kile kiti kilikuwa samahani. Huenda neno lilimkaba. Lakini kosa lilitendeka hadharani, na radhi iombwe hadharani: mwanetu, kwa niaba ya kaka yetu, tusamehe.

Mungu ampe yeye pumziko la amani, na moyo wako, mwanetu, upate kutulia.