Kumuaga Fundi Mwanga, Aliyemsemea Jemadari

Mheshimiwa mgeni rasmi, Bwana Meneja, wafanyakazi wenzangu, ndugu wageni waalikwa, nanyi mliokalia ngazi kwa kukosa viti: nawasalimu nyote kwa vyeo vyenu, na wasio na vyeo nawasalimu mara mbili.

Nimekata tiketi mlangoni hapa miaka ishirini na sita. Leo nimeombwa kumuaga Fundi Mwanga anayestaafu, mwendesha mitambo wa sinema yetu, aliyetuonyesha nyuso za watu wengi huku uso wake ukionekana kwa nadra kama kupatwa kwa jua. Nimekatazwa kusimulia habari ya jemadari. Fundi, niwie radhi. Watu wamekuja kwa hiyo.

Mnaikumbuka Jumapili ile mchana, iliporudi filamu kubwa ya zamani ya vita? Saa nne nzima, farasi wametanda skrini kutoka ukuta hadi ukuta, na ukumbi umefurika wazee waliovaa suti. Safu ya nne alikaa mke wa Fundi, ambaye kwa miezi mitano alikuwa amehamia kwa dada yake. Kisa? Mkanda wa cherehani yake ulitoweka, mumewe akaapa kwamba umeliwa na panya. Hakuja kumwona mume, hasha! Alikuja kuitazama filamu waliyoitazama pamoja walipokuwa wachumba.

Dakika ya kumi, sauti ikakatika. Bwana Meneja akataka kuahirisha. Lakini nani angethubutu kuwarudisha makwao wazee mia tatu wenye tai? Huko juu Fundi akashika kipaza sauti, akaanza kumsemea kila mtu: mfalme, malkia, hata farasi. Malkia alikuwa na kikohozi kizito. Tukamkubali hivyo hivyo.

Ikafika pale jemadari anapowahutubia askari wake elfu kumi kabla ya vita. Akafungua mdomo, nasi tukasikia:

"Askari wangu! Leo huenda tukafa, basi naomba niseme kweli. Ule mkanda wa cherehani niliuchukua mimi."

Mama akasimama safu ya nne.

"Hebu rudia!"

"Ni mimi, mama watoto. Mkanda wa projekta ulikatika na watu wameshakaa. Halafu nikaona aibu kukwambia."

"Ukamsingizia panya!"

"Panya hana hatia," alisema jemadari, na askari elfu kumi wakainua mikuki juu. Kwa kuwa walikuwa bubu, tuliwashangilia sisi kwa niaba yao.

Ndugu zangu, nani kati yenu amewahi kumwomba mkewe radhi mbele ya jeshi zima?

Mama akapanda kwenda chumba cha mitambo. Mlango nilimfungulia mimi, wala sikumdai tiketi. Saa nzima ya mwisho haikuwa na neno hata moja. Jemadari alikufa kimya kimya, na hakuna mtazamaji aliyeinuka. Kisha wakashuka, mama mbele, Fundi nyuma amembebea mkoba.

Sauti ilitengenezwa, na filamu ile nimeisikiliza mara mbili tangu hapo. Jemadari mwenyewe, mbele ya jeshi lake, anazungumzia heshima na ushindi. Maneno mazuri sana, lakini hana hata mtu mmoja wa kumwambia arudie. Nilimwonea huruma.

Fundi, pumzika salama na mwenzako. Nanyi nyote, kwa masikio yenu mliyoniazima, nasema asanteni sana.