Mama Apolline, Aliyetangulizwa

Padri, wazee wa Kamisanga, wageni mliotoka Wamaza na Kabambare, na ninyi nyote mliolala matangani, karatasi hii ilipaswa kusomwa na Marcellin, mume wa marehemu, lakini shemeji amesema sauti imemkauka, basi nimeichukua mimi Odile, mdogo wake marehemu, mwalimu katika shule ya masista Kasongo, kwa kuwa si mara ya kwanza sauti ya shemeji kukauka siku inapohitajika.

Marehemu Apolline binti Kalonda alizaliwa mwaka 1915, wakati wa vita vya Wadachi, katika Kamisanga ya zamani, ng'ambo ya kijito cha Musenge, pale ambapo leo ni mahame na majani marefu. Mwaka 1926 baba alimpeleka Kasongo kwa masista, akabatizwa Noeli ya mwaka huohuo, akasoma miaka mitatu, akajua kusoma, kuandika na kushona, na sista mkubwa alikuwa akishangaa kwamba mtoto huyu akivunja kitu hajifichi, anakuja mwenyewe mbele kusema, hata kama wamevunja wengi.

Aliporudi alishika kazi ya mama yetu, kufinyanga vyungu kwa udongo wa Musenge, na wanawake wa Wamaza mliopo hapa mnajua kwamba chungu chenye ufa alikuwa anauonyesha ufa wake mwenyewe kabla hujauliza. Tarehe 20 Agosti 1932 alifunga ndoa na Marcellin, mbele ya Padri, na mwaka uliofuata wakapata binti, Régina, ambaye alifariki kwa surua mwezi wa tisa mwaka 1936, akiwa na miaka mitatu, akazikwa nyuma ya nyumba yao.

Sasa nafika mwaka 1938, na wale wanaokohoa, wakohoe kabisa wamalize. Mwaka huo Leta, serikali hii ya Wazungu, iliamuru vijiji vyote vihamie kando ya barabara, ili watu waonekane na wafanye kazi ya barabara, na Kamisanga nzima ilikataa, kwa sababu ya makaburi, mashamba na udongo. Wanaume walikutana nyumbani kwa Zéphirin, kapita wetu, mkubwa wa kijiji, wakasema kwamba Muzungu hampigi mwanamke fimbo, na kwamba Apolline anajua kusema, basi yeye atangulie, nao watakuwa nyuma yake, wote, bila kukosa hata mmoja. Tangulia, Mama Apolline, sisi tuko nyuma yako, ndivyo mlivyomwambia, na yeye, ambaye mtoto wake alikuwa na miaka miwili tu ardhini, aliwaamini.

Jumanne tarehe 12 Julai 1938 asubuhi, alitangulia. Akavuka Musenge, akapanda hadi nyumba ya Leta barabarani, akasimama uani mbele ya Bwana Administrata, akasema kwamba Kamisanga haihami, na kwamba watu wote wako hapa. Bwana akauliza wako wapi, naye akageuka nyuma kuwaonyesha, akaona njia tupu, hata kuku hakuwepo. Mlikuwa mmefika kijitoni mkarudi nyuma, Zéphirin alichomwa na mwiba ghafla, na shemeji yangu alirudi kuchukua kofia, ambayo mpaka leo hatujaiona. Kesho yake polisi walipowauliza, mkajibu kwamba yule mwanamke ana kichwa kigumu, amejisemea mwenyewe.

Alifungwa boloko ya Kabambare miezi mitatu, akikata majani na kubeba maji, akatoka akakuta kijiji kimekwisha kuhamishwa, nyumba zimepangwa mstari, yake ya mwisho kabisa. Aliniambia siku moja kwamba boloko aliisahau, kazi ile ilikuwa kazi tu, lakini ile njia tupu aliiona kila alipofumba macho. Kikulacho ki nguoni mwako, jamani, wahenga hawakutania.

Hata hivyo aliendelea kuishi nanyi, akazaa André mwaka 1940 na Feza mwaka 1943, na kila mwaka, peke yake, alivuka Musenge kupalilia majani juu ya kaburi la Régina. Na kila shida ilipokuja, pamba yenu kukataliwa na wanunuzi, vijana kuchukuliwa kwa kazi ya barabara, mlikwenda kwenye mlango wake na wimbo uleule, tangulia mama, naye alikwenda, kwa sababu alikuwa akisema kwamba shida ukiikimbia inajua njia ya nyumbani kwako. Lakini hakugeuka nyuma tena kuangalia.

Mwezi wa kumi mwaka 1956 alianza kuumwa tumbo, akapelekwa hospitali ya Kasongo, akarudishwa mwezi wa pili baada ya daktari kumwambia ukweli, ambao aliuomba mwenyewe. Kitandani aliwaita wazee, akaomba jambo moja, azikwe kando ya Régina, nanyi mlimshika mkono mmoja baada ya mwingine mkiahidi. Alifariki Jumanne tarehe 5 Machi 1957, alfajiri, na leo asubuhi nimesikia majembe yenu huku barabarani, mkichimba kaburi karibu, eti njia ya mahame ina majani mengi.

Lifukieni hilo. André na Feza wamekwisha kuchimba kule, kando ya dada yao, na njia wameifyeka.

Familia inamshukuru daktari na wauguzi wa Kasongo ambao hawakumdanganya, Padri aliyempa sakramenti, wafinyanzi wenzake waliokuja na maji na kuni kabla ya kuitwa, na majirani, ambao kwa kweli mmelia vizuri.

Sasa jeneza litatoka, litatutangulia, litashuka hadi Musenge, pale mnapopajua, na ng'ambo ni saa moja kwa mguu. Shemeji, kofia unayo kichwani, nimeiona.

Pumzika kwa amani, dada yangu. Safari hii usihangaike kugeuka, nitageuka mimi.