Odell Tidmore na Boti Mbili Zilizobaki (1951–2024)

Marehemu Odell Tidmore alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 huko Grant, Alabama, mtoto wa tatu wa Mzee Clovis na Bi. Inez, wakulima wa viazi vitamu. Alisoma hapohapo Grant, akamaliza mwaka 1969. Walimu walimkumbuka kama kijana asiyejibu swali kabla ya kulala nalo siku kadhaa, na alama zake zilisema hivyohivyo.

Kuanzia 1970 hadi 2009 alikuwa fundi wa mabasi ya shule. Jumamosi zake zote alizitumia Ziwa Guntersville akivua samaki aina ya besi kwa kiboti cha alumini. Aliamini akili ya mtu hutulia juu ya maji, kwa hiyo jambo zito alilijibu kwa maneno mawili: "Niulize Jumamosi." Bi. Lorene Putnam alipomuuliza, siku ya Jumanne, kama ana nia ya kumwoa au anampotezea muda tu, alipewa jibu hilohilo. Jumamosi akamfuata gatini, akauliza tena. "Ndiyo," akasema Odell, hata ndoana hajaitoa majini. Walifunga ndoa tarehe 14 Juni 1975, wakajaliwa binti mmoja, Darla.

Alipostaafu alianza kutafuta boti ya mbio, boti hasa ya besi. Alitafuta miaka kumi na mitano, na familia mpaka leo haielewi. Wauzaji walipoleta boti za kujaribiwa ziwani, Odell alikuwepo na daftari, na Bi. Lorene kwenye kiti cha pembeni na bilauri ya chai baridi magotini, maana chai ndiyo ilikuwa kipimo cha mtikisiko. Mwaka 2016 alizama kwenye hesabu zake hata akasahau kuziba tundu la chini la kutolea maji kabla ya kushusha boti ziwani. Muuzaji alipokuwa akihangaika kuivuta, Odell aliandika: "Viti vizuri hata vikilowa."

Mwaka huu zilibaki mbili. Nyekundu, maili sabini na tano kwa saa, dola elfu tisini na mbili. Ya kijivu, maili sitini na sita, dola elfu sitini na moja. "Kila maili ya ziada ni dola elfu tatu na ushei," aliandika. "Samaki anajua?"

Februari moyo ulianza kumsumbua. Jumanne, tarehe 5 Novemba, hospitalini Huntsville, alimshika mkewe mkono.

"Mama Darla, niahidi utainunua. Usije ukajifungia ndani."

"Nimekuahidi. Sasa ipi?"

"Niulize Jumamosi."

Alifariki kesho yake, Jumatano, saa tatu asubuhi.

Bi. Lorene amechanganyikiwa, na hafichi. Ahadi ametoa, lakini hajui ameahidi nini. Jana jikoni kaka yake Hollis, mwenye boti kama ile nyekundu, na jirani yao Dub, mwenye kama ile ya kijivu, walitaka kumsaidia.

"Aliniambia kwa kinywa chake, nyekundu haina mpinzani," alisema Hollis.

"Ulikuwa ushanunua yako, bwana. Ulitaka akwambie uirudishe?"

"Na wewe alikwambia lini?"

Dub akajiongezea mkate wa mahindi.

"Nyinyi wawili," akasema Bi. Lorene, "mnizikie mume wangu kwanza."

Amelisoma daftari mpaka macho yanamuuma. Ukurasa wa mwisho unasema: "Nyekundu: mawimbi makubwa, chai haikumwagika hata tone. Kijivu: chai yote ilimwagika, Lorene akacheka." Alama hakuweka.

Marehemu ameacha mjane, binti yake Darla, dada yake Verna, na marafiki wawili ambao tangu jana hawasemeshani. Leo ni Jumamosi, na Odell hajawahi kukosa kujibu Jumamosi. Kabla ya udongo, Bi. Lorene ameomba tumpishe kidogo pale kaburini, amuulize mara moja tu.

Akishamjibu, apumzike kwa amani.